Fahamu: Kwa nini kufaulu PLAB hakutoshi kupata kazi hospitalini Uingereza

Daktari aliyesomea nje ya Uingereza anaweza kufanya mtihani wa PLAB, wenye sehemu mbili, kisha akasajiliwa na baraza la madaktari la huko, GMC. Lakini usajili wenye leseni humruhusu kutibu tu. Ajira ni suala jingine. Hospitali za umma, NHS, hupima maombi kwa orodha ya sifa inayotangazwa pamoja na nafasi, hivyo maelezo yale yale yanayotumwa kila mahali huanguka mapema. Wapo watakaosema miaka kumi ya kazi katika hospitali ya Muhimbili, Tanzania, inajieleza. Haijielezi: msomaji wa maombi hajui ulihudumia wagonjwa wangapi, nani alikusimamia, wala ukaguzi wako wa huduma ulibadilisha nini wodini, na kwa haki hawezi kutoa alama kwa asichokiona. Mwandikie hayo, sifa moja baada ya nyingine.