Dawa inayokimbia maji: kwa nini ukubwa na umbo ni mambo ya kuangalia

Kila mama ambaye mutoto wake amekwisha kushikwa na malaria anajua maneno haya. Muganga ku kituo cha afya anahesabu vidonge vya artemeta na lumefantrini, anafunga karatasi, anasema: "Mama, utamupa hii na chakula cha mafuta. Ao maziwa." Mama anaitika ndiyo. Lakini njiani anawaza: mutoto anakataa hata uji, na chupa ya mawese iliisha tangu juzi. Hayo mafuta yatatoka wapi?

Muganga hasemi vile kwa desturi tu. Lumefantrini inakimbia maji, na ndani ya tumbo kunajaa maji. Ukiimeza na chakula chenye mafuta mengi, dawa inayoingia mu damu inaweza kufika mara 16 ya ile inayoingia wakati tumbo ni tupu. Basi watoto wawili wanaweza kumeza kidonge cha namna moja, toka boksi moja, na yule wa nyumba yenye njaa akapata dawa kidogo kuliko mwenzake. Dawa si mbaya. Inakosa tu njia ya kupita.

Kuna wanakemia ambao wanatafuta kuipa njia hiyo. Hawabadilishi dawa yenyewe, wanabadilisha ukubwa wa punje zake.

Tuanze na sukari. Kipande kizima kinakawia kuyeyuka mu chai, ile ya unga inayeyuka mbio. Sukari ni ileile, lakini ile ya unga inagusana na maji pande nyingi zaidi. Dawa pia ni vile. Punje ya milimita 1 ukiigawanya mpaka chembe za nanomita 100, eneo linalogusa maji linaongezeka mara 10,000. Na nanomita ni nini? Kata milimita 1 mara milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele mumoja una upana wa nanomita karibu 80,000. Chembe hizi wataalamu wanaziita nanopatikuli.

Shida ni kwamba chembe ndogo za kitu kinachokimbia maji hazipendi kukaa peke yake. Zinashikana na kurudi kuwa bonge. Inaomba kitu cha kuzizunguka, na kitu hicho ni polima. Polima ni munyororo murefu wa molekuli, moja nyuma ya ingine, kama ushanga mu uzi. Plastiki ya bidoni ni polima, wanga ya muhogo pia ni polima.

Polima zinazotumiwa hapa ziko na pande mbili mu munyororo mumoja: upande mumoja unapenda maji, mwingine unayakimbia. Sabuni iko na tabia hiyo, ndiyo maana inaondoa mawese mu sahani. Ukizitia mu maji, minyororo inajipanga yenyewe. Pande zinazokimbia maji zinajificha katikati pamoja na dawa, pande zinazoyapenda zinabaki inje kama ukuta. Hakuna mutu anayezisukuma. Kazi ya mwanakemia ni kutengeneza hali ambamo chembe zitajijenga kwa ukubwa ule anaoutaka.

Namna gani? Mama anayepika uji anajua jibu. Unga ukiingia mu maji ya moto na mukono wa kukoroga ukakawia, unapata mabonge, mengine makubwa, mengine madogo. Ukikoroga mbio, uji unakuwa laini. Mu Marekani, ku chuo kikuu cha Princeton, Profesa Robert Prud'homme na wenzake walionyesha mu mwaka 2003 kama hata chembe hizi zinafuata kanuni ya namna hiyo. Dawa na polima zinayeyushwa kwanza mu maji ya kemia yanayofanana na alkoli. Kisha mukondo huo unagonganishwa kwa nguvu na mukondo wa maji mu chumba kidogo sana. Kuchanganyika kunaisha mu sehemu ndogo ya sekunde, mbele ya chembe kuanza kujipanga. Ndiyo siri yake: ukichanganya polepole, chembe zinatoka kubwa na hazilingani, ukichanganya mbio, zinatoka ndogo na zinafanana. Ukiongeza dawa na kupunguza polima, zinanenepa.

Timu hiyo ilishugulikia pia lumefantrini yetu, pamoja na polima inayotoka ku selulozi ya mimea. Chembe zilikaushwa zikawa unga. Mu maabara, ndani ya maji yaliyotengenezwa kufanana na yale ya utumbo, dawa ilitoka mbio kuliko unga wa kawaida.

Huo ni ukubwa. Lakini kuna pia umbo, na umbo linahusu sana dawa zinazopigwa mu mushipa, zile zinazotembea na damu.

Mu mwaka 1995, ku chuo kikuu cha McGill mu Montréal, Profesa Adi Eisenberg na mwanafunzi wake walitangaza jambo la kushangaza. Walibadilisha urefu wa upande mumoja tu wa munyororo. Upande unaopenda maji ukiwa murefu zaidi, chembe zilikuwa mipira. Walipoufupisha, zikawa fimbo. Walipoufupisha tena, zikawa vifuko vyenye maji ndani. Polima ni ya aina ileile, kipimo ndicho kilibadilika.

Na umbo linaleta nini? Mu mwaka 2007, timu ya Dennis Discher wa chuo kikuu cha Pennsylvania ilipiga panya sindano za chembe zenye umbo la uzi murefu. Zilibaki mu damu mpaka juma moja, karibu mara kumi kuliko mipira ya polima ya namna ileile. Uzi unavutwa na mukondo wa damu, unanyooka, na seli zinashindwa kuumeza. Sisi Wakongomani tunaweza kuelewa hiyo mbio. Virusi vya Ebola, vilivyojulikana mu 1976 kisha ugonjwa wa Yambuku, viko pia na umbo la uzi, upana wake nanomita karibu 80. Timu hiyo ilisema utafiti wao unaweza kusaidia kuelewa kwa nini virusi vingine vina umbo lile.

Tusidanganyane, panya si mutu. Na mwili una vichungio vyake: chembe zilizo chini ya nanomita karibu 6 zinatoka na mukojo, zile kubwa zinakamatwa na ini na wengu. Lakini dawa za namna hii zimekwisha kufika kwa wagonjwa. Korea ya Kusini imeruhusu dawa ya kansa, paklitakseli, iliyobebwa mu chembe za polima, mahali pa mafuta ya kemia yaliyokuwa yanaletea wagonjwa wengine aleji.

Kwa malaria, kidonge tunachopewa leo ku kituo ni kile cha kawaida. Basi mashauri ya muganga yanabaki: mupe mutoto dawa na maziwa, karanga ao kitu chenye mafuta hata kidogo, umalize dozi zote sita mu siku tatu. Akitapika mbele ya saa moja kupita, rudi kwa muganga, usinyamaze. Na siku ile unga mupya utafika, swali la kwanza la mama litakuwa bei. Ndiyo sababu watafiti wanachagua polima za mimea na mashini rahisi: dawa isiyoomba mafuta haitasaidia nyumba maskini kama yenyewe inaomba pesa nyingi.