Lushoto inauza baridi, ila kabichi ndiyo yenye barabara

Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, lami inapanda kona baada ya kona, kilomita zipatazo 33, hadi Lushoto mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukikutana na fuso la kabichi likishuka, unabana pembeni. Mtalii hapa ni mteja wa pili. Wa kwanza yuko sokoni Dar es Salaam.

Kuuza hali ya hewa hakukuanza leo. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakajenga nyumba za kulikimbia joto la pwani. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ukaanzishwa utalii wa kitamaduni: vijana wa Kisambaa wakaongoza wageni kwa miguu, msitu wa Magamba hadi kijiji cha Mtae. Uzuri wa biashara hiyo ni kwamba mgeni anayetembea hula na kulala njiani, fedha ikaingia vijijini badala ya kuishia hotelini.

Lakini wanaojaza vyumba sikukuu ni Watanzania kutoka Dar es Salaam na Tanga. Hawataki mwongozaji. Wanataka sweta, nyama choma, picha pale Irente ambako mlima unakatika ghafla, na siku ya kuondoka buti la gari lijae karoti na viazi. Kwa maoni yangu, mipango ya utalii inawasahau mno watu hawa.

Irente kwenyewe kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalouza jibini, mkate wa ngano nyeusi na jemu. Maziwa na matunda ya jirani yanatoka pale yakiwa na bei nyingine kabisa. Teremka hadi Soni uone tofauti: mama ananyanyua sado ya mapeasi hadi dirisha la basi, abiria anapunguza bei huku dereva akipiga honi, na mama anakubali. Peasi lililoiva halisubiri basi la kesho. Mkulima wa viazi naye ana lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ya kupambana nayo.

Kuna hasara nyingine, kongwe zaidi. Ua dogo la zambarau la milima hii ya Usambara, Saintpaulia, lilifikishwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890 kupitia ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, likawa pambo la madirishani duniani kote. Wakuzaji wa Ulaya na Marekani wakatajirika. Fedha hizo hazikupanda kona za Soni.

Masika yakishika, udongo huporomoka barabarani. Mwenye nyumba ya wageni akakosa wateja na mkulima akaozewa na mzigo siku ileile. Anayetafuta pa kuwekeza kodi ya umma aanze na mitaro ya barabara hiyo, mabango ya vivutio yafuate.