Motokaa ya Wizi na Haki ya Rufani

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akikutwa na motokaa iliyoibwa, basi hana la kusema mbele ya hakimu. Sivyo. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Jinai ya Kenya chaweza kumtia mtu gerezani hata miaka 14, lakini shurti ithibitishwe kwamba aliipokea kwa hila, hali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, ya kuwa ni mali ya wizi. Bei ya chini mno, au hati isiyolingana na namba ya injini, ndiyo humponza mnunuzi. Na ikiwa motokaa iliibwa juzi tu, asiyeeleza vema alivyoipata atadhaniwa mabaya.

Aliyehukumiwa na hakimu hupewa siku 14 kukata rufani Mahakama Kuu. Jaji hasomi hukumu peke yake. Hupaswa kuupima upya ushahidi wote, kama ilivyoelezwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1972, huku akikumbuka ya kuwa yeye hakuwaona mashahidi kwa macho yake.

Mshitakiwa akishinda huwa huru, lakini motokaa kwa kawaida humrudia mwenyewe aliyeibiwa. Fedha zake mnunuzi atazidai kwa yule aliyemwuzia, akipatikana.