Thamesmead: Kitongoji Juu ya Kinamasi

Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 mafuriko ya bahari yaliua watu zaidi ya 300 mashariki ya Uingereza. Kwa sababu hiyo, kitongoji cha Thamesmead kilipojengwa juu ya kinamasi kando ya mto Thames, London, nyumba za kwanza hazikuwekewa vyumba vya kuishi chini. Sehemu hiyo iliachiwa magari. Maziwa na mifereji vilichimbwa vipokee maji ya mvua, navyo vikawa pia mahali pa kupumzikia. Wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1968, lakini maduka na usafiri vilichelewa. Reli mpya ya Elizabeth ilifika mwaka 2022, tena si ndani yake bali jirani, Abbey Wood. Wahandisi waliweza kuyadhibiti maji. Lakini nyumba peke yake hazifanyi mji.