Dawa Pamoja na Watu

Kijana aliyezoea lutuku hapa Kolwezi mara nyingi hufukuzwa nyumbani. Akiwa peke yake, chupa ndiyo rafiki anayebaki.

Kule Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni kwa waliozoea heroini. Mgonjwa aliinywa kila siku mbele ya mhudumu, basi kila siku alionana na mtu.

Methadoni si dawa ya lutuku, lakini somo ni moja: dawa hutuliza mwili, watu humshika asirudi. Aliyekunywa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Tumpeleke kwanza kwa munganga. Akirudi, tumpe sahani yake, kazi ndogo, na mtu wa kukaa naye jioni, saa ile ya kunywa.