Uthabiti, Utulivu na Myumbo: Istilahi za Mitambo ya Umeme katika Eneo la Kisumu

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache zinazohitajika katika kueleza jinsi mitambo ya umeme iliyounganishwa inavyotawaliwa. Mfano wetu ni Kisumu na ufuko wa Ziwa Viktoria.

Kituo cha Sondu Miriu, kilichokamilika mwaka 2008, kina uwezo wa megawati 60. Kile cha Sang'oro, kilichofuata mwaka 2012, huyatumia maji yale yale kuzalisha megawati 21. Vituo hivi vimeunganishwa katika gridi moja na mitambo ya mvuke ya Olkaria, ya maji ya Mto Tana, na hata ile ya Jinja nchini Uganda. Mashine zote hizo hazina budi kwenda sanjari, ili mkondo wake uwe na marudio 50 kwa sekunde.

Njia kuu ya umeme ikikatika ghafla, baadhi ya mashine huongeza kasi na nyingine hupunguza. Nguvu ya gridi huzivuta zirudi, nazo huupita mstari wake, kisha huvutwa tena. Huku ndiko kuyumba. Myumbo ukififia, gridi imesalimika. Ukizidi kukua, vifaa vya ulinzi huzitenga mashine moja baada ya nyingine, na giza huingia.

Baadhi ya waandishi hulitumia neno "utulivu" pahala pa "uthabiti". Matumizi hayo yanapotosha. Mashua iliyofungwa ufukoni Dunga imetulia, lakini pengine wimbi moja litaipindua. Mashua nyingine huyumba kwa kila wimbi, ila hurudi wima. Hiyo ya pili ndiyo thabiti. Basi utulivu ni hali, na uthabiti ni uwezo wa kuirudia hali hiyo baada ya msukosuko.

Tatizo la pili ni kitenzi. "Kuzima myumbo" hakufai, kwani msikilizaji atadhani umeme wenyewe unazimwa. "Kuzuia" nako kwadokeza kwamba myumbo hautokei kabisa, ilhali hauepukiki. Tunapendekeza "kutuliza", yaani kuupunguzia nguvu hadi utulivu urejee.

Kitenzi hiki chaafiki utendaji wenyewe. Kila jenereta ina kidhibiti cha volteji. Kidhibiti chenye wepesi mkubwa huisaidia mashine isichopoke katika gridi mara tu baada ya hitilafu, lakini chaweza pia kuuchochea myumbo unaofuata. Kwa hiyo wahandisi hukiongezea kitulizi, ambacho hupima badiliko la kasi na kuielekeza nguvu ya sumaku ipinge mwendo huo kwa wakati wake. Amsukumaye mtoto bembeani hujua siri hii: mkono ule ule ukifuata mwendo huikuza bembea, ukiupinga huituliza.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme. Nyakati kama hizo mwananchi hudai maelezo, naye ana haki ya kuyapata kwa lugha aielewayo. Akiambiwa tu kwamba kulitokea "hitilafu ya mitambo", hajaelezwa kitu. Ni wajibu wetu, tukishirikiana na wahandisi, kumpa maneno yatakayomwezesha kuuliza swali la pili.