Uchungu wa Uzazi Ughaibuni: Wakati wa Kusukuma na Wakati wa Kujizuia

Mama wa Kiswahili anapojifungua hapa Uingereza, mara nyingi hana mama yake wala shangazi wa kumsimamia. Yuko mume, na yuko mkunga anayesema Kiingereza cha haraka. Katika saa hiyo, agizo la kusukuma au kutosukuma lisipoeleweka, mama anaweza kuumia. Ndiyo maana leo tunalizungumza waziwazi jambo ambalo kwa desturi zetu huachiwa wanawake faraghani.

Hamu ya kusukuma haitokani na amri ya mtu. Kichwa cha mtoto kinaposhuka kwenye nyonga, mama huhisi kama anataka kwenda haja kubwa, na mwili huanza kusukuma wenyewe. Akiwa bado nyumbani, apige simu wodini au 999 mara moja.

Tatizo ni pale hamu inapokuja mapema, kabla mlango wa kizazi haujafunguka wote, yaani sentimita 10. Hutokea mara nyingi mgongo wa mtoto unapoelekea mgongo wa mama. Hapo mkunga hupima njia, na huweza kumwomba mama asisukume kwa nguvu. Mama hulala ubavu, au hupiga magoti na kuinamisha kifua, makalio yakiwa juu, huku akihema pumzi fupi fupi kama anayezima mshumaa. Gesi ya kuvuta, iliyo kawaida katika wodi za hapa, nayo husaidia.

Njia ikishafunguka, mambo hubadilika. Wengi wetu tumezoea habari za mama kupigiwa kelele asukume huku amebana pumzi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mama afuate hamu ya mwili wake, achague mkao anaoutaka, na asikandamizwe tumbo ili mtoto atoke. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni huenda asihisi hamu hiyo. Kwake yeye, WHO ilishauri kusubiri saa moja hadi mbili, au mpaka hamu irudi, pale ambapo hali ya mtoto inaweza kufuatiliwa vizuri.

Kujizuia huja tena mwishoni, kichwa kinapotokeza. Mkunga humwambia mama aache kusukuma na aheme tu, ili msamba utanuke taratibu na usichanike vibaya.

Ushauri wetu ni huu. Hospitali za umma za NHS hutoa mkalimani bila malipo. Aombwe mapema kliniki, si usiku wa uchungu. Mume asifanywe mkalimani, yeye amshike mkewe mkono. Na mama ayajue kwa Kiingereza, kabla ya siku yenyewe, maneno matatu: sukuma, usisukume, hema.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, lakini mzazi na mkunga wake wasipoelewana, uchungu huo huzidi bila sababu.